Neno "why" la Kiingereza: maana yake, matumizi yake na lilikotoka

Muulize mwanafunzi yeyote "why" maana yake nini, atakujibu "kwa nini" kabla hujamaliza swali. Kajibu sawa, ila jibu hilo halimfikishi mbali. Akikutana kitabuni na "Why, it's you!" atahangaika kutafuta kinachoulizwa, na hapo hakuna swali. Akiambiwa na mwenyeji wake "Why don't you sit down?" anaweza kuanza kujieleza ni kwa sababu gani bado amesimama, kumbe mwenzake anamkaribisha kiti.

Kazi ya msingi ya "why" ni kuulizia sababu. Tatizo ni kwamba sababu ziko za namna zaidi ya moja, na neno lenyewe halisemi linataka ipi. Chukua kengele ya shule, ile rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni. Mtu akiuliza "Why is the bell ringing?" unaweza kumwambia kwamba mwanafunzi wa zamu ameigonga kwa nondo. Unaweza pia kumwambia kwamba ni saa ya mapumziko. Jibu la kwanza linataja chanzo cha mlio, la pili linataja kusudi lake, na yote mawili ni majibu halali. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alienda mbele zaidi akahesabu majibu ya namna nne: kitu kimeundwa na nini, kina umbo gani, nani au nini kimekisababisha, na kipo kwa ajili gani. Katika mazungumzo ya kila siku hayo mawili ya kengele yanatosha kuzua ubishi, hasa pale mmoja anapoulizia chanzo na mwenzake akawa anajibu kusudi. Mwingereza akitaka kusudi peke yake anayo "what for", kama katika "What did you do that for?", lakini mara nyingi sentensi hiyo hubeba ukali wa mzazi aliyekuta sahani imevunjwa.

Kiswahili kimeigawa kazi hii kwa maneno mbalimbali. Swali tupu la sababu ni "kwa nini". Jambo likienda kinyume na ulivyotarajia unasema "mbona". "Kwa nini hujala?" linaweza kuulizwa na daktari mwenye kalamu mkononi, lakini "Mbona hujala?" ni la mtu aliyepika, akapakua, na akategemea kukuta sahani tupu. Jambo likiwa halina faida unasema "ya nini": ya nini kujisumbua, ya nini kugombana. Kusudi mara nyingi tunalitia ndani ya kitenzi chenyewe, tukasema "Unaniitia nini?" au "Unalilia nini?" Na ukikuta watu wamejazana mlangoni kwa jirani unauliza "Kulikoni?", neno ambalo Mwingereza hana la kulilinganisha nalo moja kwa moja.

Karibu yote hayo kwake yanaweza kupita katika "why", na kazi ya kutofautisha anaiachia sauti na maneno ya pembeni. "Mbona hujala?" itakuwa "Why haven't you eaten?" kwa sauti ya mshangao, au itatanguliwa na "but". "Ya nini kusubiri?" ni "Why wait?", kitenzi kikiwa uchi bila mtendaji, na hiyo ni alama nzuri ya kuitambua: ukiona "why" imefuatwa na kitenzi kitupu, mara nyingi anayesema haulizi, anakwambia haina haja. Mtafsiri anayeweka "kwa nini" kila anapoona "why" huishia na wahusika wanaohojiana kama wako kituo cha polisi.

Sasa asili yake. Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa England kuanzia karibu karne ya 5 hadi miongo michache baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuivamia nchi hiyo mwaka 1066, kilibadilisha miisho ya maneno kulingana na kazi ya neno katika sentensi. "Nini" ilikuwa "hwæt", ambayo leo ni "what". Neno hilohilo likitaja chombo au njia, yaani kitu ambacho jambo limetendeka kwacho, liligeuka kuwa "hwȳ". Tukilifungua kwa Kiswahili tunapata kwa na nini, "kwa" ileile ya kukata kwa kisu na kusafiri kwa basi. Hakuna aliyemwiga mwenzake hapa. Wafaransa nao wana "pourquoi" na Wahispania "por qué", vyote vikiwa na maana ya kwa ajili ya nini. Tofauti ni kwamba mishono ya neno letu bado inaonekana, ingawa wengi wanaandika "kwanini" kama neno moja na wahariri wanalitenganisha, wakati mshono wa Kiingereza umefutika kabisa ndani ya silabi moja.

"Why" ina ndugu wawili ambao watu hawawatarajii. Wa kwanza ni "how", iliyokuwa "hū" na yenye shina lilelile, kwa hiyo zamani kuuliza vipi na kuuliza kwa nini kulikuwa jirani sana. Wa pili amejificha katika usemi kama "the more, the better". Hiyo "the" si ile inayotangulia nomino. Inatokana na "þȳ" (herufi ya kwanza ni ya kale, ikisomwa kama "th"), iliyoundwa kwa mwisho uleule wa "hwȳ" na kumaanisha kwa hilo, kwa kadiri hiyo. Mimi huona huu ndio ushahidi mtamu kuliko wote, kwa sababu sarufi iliyokufa karibu miaka elfu moja iliyopita inaendelea kutamkwa kila siku na watu wasiojua wanaitamka.

Nyuma ya Kiingereza cha Kale kuna ukoo mpana wa lugha za Kihindi-Kiulaya, ambao maneno yake ya kuuliza yalianza na sauti ya "k" au "kw". Kilatini kina "quis" na "quid". Kihindi kina "kya", "kaun" na "kyon". Aliyekulia karibu na maduka ya Wahindi, Dar es Salaam au Mombasa, atakuwa amewahi kusikia salamu ya Kigujarati, "Kem chho?" Hiyo "kem" inaweza kuulizia hali na inaweza kuulizia sababu, na imetoka kwenye ukoo huohuo. Katika tawi la Kigermanik, ambalo Kiingereza na Kijerumani ni watoto wake, "kw" ililegea ikawa "hw". Mabadiliko hayo ni sehemu ya utaratibu ambao Jacob Grimm, yule mkusanyaji wa ngano, aliueleza mwaka 1822.

Kuhusu tahajia, lawama ziwaendee waandishi wa nakala. Baada ya Wanormani kuingia, waliona michanganyiko kama "ch" na "th" ina "h" nyuma, wakaipindua "hw" ikawa "wh" ili ifanane na wenzake. Maandishi yakageuka, midomo haikugeuka. Mpaka leo Waskoti wengi, na watu wengi wa Ireland, hutanguliza pumzi wanapotamka "why", kitu kama "hwai". Huko London imebaki "wai" tu, sawasawa na jina la herufi Y, ndiyo maana vijana kwenye simu wanaandika "y" na kumaliza. "Who" ilikwenda njia yake: sauti ya "w" ilimezwa na irabu ya "u" iliyoifuata, ikabaki "h" peke yake.

"Why" ya mshangao imekuwapo tangu karne ya 16, na utaijua kwa mkato unaoifuata. "Why, it's you!" ni "Ala, kumbe ni wewe!" Siku hizi inasikika kama ya watu wa zamani, lakini ukisoma hadithi za karne ya 19 utaikuta kila mara. Zamani pia kulikuwa na "wherefore", yenye maana ya kwa sababu gani. Katika tamthilia ya Shakespeare, Juliet anaposema "wherefore art thou Romeo?" wengi hudhani anamtafuta kijana aliko. Haulizi alipo. Analalamika kwamba katika majina yote duniani, kwa nini mpenzi wake awe na hilo, Romeo wa ukoo wa maadui.

Kwa wanaojifunza lugha hii, kosa la kwanza ni mpangilio wa maneno. Swali la moja kwa moja hutanguliza kitenzi kisaidizi: "Why are you late?", siyo "Why you are late?" Likiingizwa ndani ya sentensi nyingine, mpangilio unarudi wa kawaida: "Tell me why you are late." Kiswahili hakina zoezi hili la kupinduapindua, kwa hiyo mtu hukosea pande zote mbili.

Kosa la pili ni la adabu. Kumwambia mgeni "Why are you here?" ni kama kumpokea kwa "Umekuja kwa nini?", na kwetu mwenye nyumba humpa mgeni maji kwanza, shida yake ataisema mwenyewe. Mwingereza mwenye adabu hulizunguka neno: "What brings you here?" Akiomba maelezo kwa mtu anayemheshimu husema "May I ask why?" Na akiwa na rafiki yake hulegeza zaidi kwa kutumia "how come", usemi uliotokea Marekani katika karne ya 19 na ulio karibu kabisa na "mbona" yetu. Huo una kanuni yake, kwa sababu ni ufupisho wa sentensi ndefu inayouliza imekuwaje mpaka jambo fulani likatokea, na baada yake maneno hayapinduliwi. Mwalimu aliyeikata "Why you are late?" kwa kalamu nyekundu itambidi aiache "How come you are late?" kama ilivyo.