Kutengua hukumu: mamlaka ya mahakama na ulaghai wa wakili

"Mwanangu, mimi sikuikubali hii." Bi mkubwa mmoja wa Majengo alinipa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hukumu ya maridhiano, yaani ile inayoandikwa kwa makubaliano ya pande zote mbili: muhuri wa mahakama juu, chini sahihi ya wakili wake mwenyewe akiridhia mteja ahame nyumba. Dalali wa mahakama alikuwa keshabandika tangazo mlangoni.

Kutengua hukumu ni kuiomba mahakama iifute kwa kuwa msingi wake ni mbovu. Rufaa ni jambo jingine: humo unasema hakimu alikosea kuamua. Wengi hutaja sababu mbili kwa pumzi moja, mahakama kukosa mamlaka na wakili kufanya ulaghai, ilhali kila moja ina ushahidi wake.

Hapa Kenya, mamlaka, yaani uwezo wa mahakama kuamua kesi, hutoka kwenye Katiba na sheria, hayatoki kwa wenye kesi. Hata mkikubaliana nyote kumpelekea kadhi mzozo wa mpaka wa kiwanja, hawezi kuuamua. Kifungu cha 170 cha Katiba kimempa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena kwa Waislamu waliokubali kwenda mbele yake. Hakimu mkuu naye, kesi ya madai ikizidi shilingi milioni 20, si yake. Kesi ambayo mawakili huitaja kila siku ni ya meli Lillian S na kampuni ya Caltex, ya 1989, ambamo Jaji Nyarangi alisema mamlaka ndiyo kila kitu, na bila hayo mahakama haipigi hatua nyingine hata moja. Pingamizi hili huinuliwa wakati wowote, hata kwenye rufaa. Lakini hukumu haijifuti. Mpaka mahakama iseme, dalali ataendelea na kazi yake, kwa hiyo ombi la kusimamisha utekelezaji liende pamoja na la kutengua.

Ulaghai ni mzito zaidi kuuthibitisha. Wakili aliyesahau tarehe ni mzembe, na uzembe si ulaghai. Ulaghai ni kula njama na upande wa pili, kughushi sahihi, kudai umetumwa na mteja asiyekutuma. Mahakama huanza kwa kuamini kwamba wakili ana idhini ya kumfunga mteja wake, kwa hiyo lazima ueleze jambo kwa jambo: lini, wapi, kwa hati gani. Ushahidi wake hupimwa kwa mizani kali kuliko madai ya kawaida, ingawa haufiki ule wa jinai.

Kinachoniuma ni hiki: watu humshtaki wakili kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, kisha wakakaa kungoja. Wakili huyo aweza kuadhibiwa, na hukumu ikabaki vilevile, nyumba ikauzwa.

Bi mkubwa tulimpeleka kwanza masijala ya mahakama, kulisoma faili. Hati ya maridhiano ilidai alikuwepo mwenyewe, akatoa idhini. Akafungua mkoba, akatoa kadi ya hospitali: tarehe ileile, alikuwa amelazwa.