Anza na stesheni, mji utafuata

Kila kiangazi hunijia ujumbe wa aina moja: "Mama anakuja London wiki mbili. Tumpeleke wapi kwa treni, twende asubuhi turudi jioni?" Kazi yangu ni kupanga safari za wageni, na kabla sijataja mji wowote huuliza kwanza: mnalala wapi, na mama anatembea kiasi gani?

London haina stesheni kuu moja. Katika karne ya 19 kila kampuni ya reli ilijijengea ya kwake, na mwaka 1846 tume ya serikali ikapendekeza reli zisipenye katikati ya jiji. Ndiyo maana hadi leo stesheni kubwa zimelizunguka: Paddington ya kwenda magharibi, Waterloo kusini-magharibi, Victoria kusini, King's Cross kaskazini. Anayelala Barking, huko mashariki, akitaka kwenda Bath, inambidi alivuke jiji zima hadi Paddington, kama dakika 45 hivi, ndipo safari yenyewe ianze.

Huyo mimi humwambia apande treni palepale Barking aende Southend, mji wa pwani, chini ya saa moja. Kuna gati lililoingia baharini zaidi ya kilomita 2, lenye kigarimoshi chake mwenyewe kwa waliochoka. Ila atazame kwanza saa za maji. Southend maji yakipwa hukimbia mbali kabisa, mkabaki mnatazama tope. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi.

Lakini kama mnalala magharibi, au mji wa Reading, msisite: nendeni Bath. Kutoka Paddington ni kama saa moja na nusu, kwenye njia aliyoijenga mhandisi Brunel na kuikamilisha mwaka 1841. Muda mfupi kabla ya kufika, treni huzama kwenye handaki la Box, karibu kilomita 3 za giza, na watoto hupenda sana hapo. Wazee nawapeleka Bath kwa sababu stesheni iko mjini hasa. Ukitoka mlangoni, hata kwa mwendo wa kikongwe, dakika kumi na kidogo zinakufikisha kwenye hamamu za Warumi, ambako maji yanabubujika kutoka ardhini yakiwa na nyuzijoto 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Kuoga humo ni marufuku. Unatazama tu mvuke ukipanda. Na wengi hawajui kwamba Haile Selassie aliishi uhamishoni mji huu, kuanzia 1936 hadi 1940, katika nyumba iitwayo Fairfield House, ambayo baadaye aliwaachia wenyeji. Iko nje kidogo ya katikati ya mji, kwa hiyo chukueni basi.

Miji mingine ina hila zake. Cambridge treni huenda chini ya saa moja, lakini stesheni na vyuo vya kale vimeachana karibu nusu saa kwa miguu. Brighton kutoka stesheni hadi baharini ni mteremko mtupu, raha tele, mpaka jioni mnapoupanda kurudi. Na ufuo wake ni kokoto, si mchanga. Mgeni mmoja kutoka Mombasa alinitazama kama niliyemdhulumu. Kasri la Windsor kwa kawaida hufungwa kwa watalii Jumanne na Jumatano. Stonehenge, kwenye yale mawe makubwa ya kale, haina stesheni kabisa: unashuka Salisbury, kisha basi.

Siku ya kwenda nayo ina uzito. Jumapili ndiyo siku ya mafundi wa reli. Niliwahi kumpeleka shangazi yangu pwani Jumapili bila kuangalia ratiba. Tukateremshwa njiani na kupakiwa kwenye basi, na mpaka leo akinipigia simu huanza na habari hiyo.

Siku za kazi, nauli nafuu kwa kawaida huanza saa tatu na nusu asubuhi hivi, msongamano ukishapungua. Mkiwa watu wazima watatu hadi tisa mnaosafiri pamoja, ulizieni punguzo la kikundi. Njia nyingi hupunguza theluthi ya nauli. Mtoto wa chini ya miaka mitano halipi. Desemba mpunguze mwendo, maana jua huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Tiketi za kununua mapema ni za bei ya chini, lakini zimefungwa kwenye treni moja tu, ikikupita imekula kwako. Kwenda nanunua hizo. Kurudi nanunua ile isiyofungwa, kwa kuwa mama akishaingia duka la vitambaa, hakuna ratiba itakayomtoa.