Mlo wa Mama, Mcharuko wa Ubongo na Kauli ya "Nimeshamharibu"

Wiki hii nimeisikia tena kauli ile ile, safari hii kutoka kwa mama mwenye ujauzito wa wiki 24, mkono wake ukiwa juu ya tumbo: "Daktari, mimi nilizaliwa mnene kwa sababu ya mama yangu, na huyu naye ubongo wake nimeshauharibu. Nibadili mlo sasa ili iweje?" Alikuwa amesoma kwamba mlo wa mama wenye nishati kupita kiasi huamsha mcharuko, yaani kinga ya mwili kuwaka, kwenye ubongo wa mtoto na hata wa mjukuu, na kutoka kwenye habari yenye msingi akafikia hitimisho lisilo na msingi hata kidogo.

Habari yenyewe inatokana hasa na panya. Majike wanaolishwa mlo ambao mara nyingi asilimia 45 au 60 ya nishati yake ni mafuta huzaa watoto wenye mikroglia, yaani seli za kinga za ubongo, zilizo kali kupita kawaida, ambazo zikiguswa na maambukizi madogo humwaga saitokini nyingi, yaani kemikali za kuchochea mcharuko. Mikroglia huingia kwenye ubongo mimba ikiwa changa mno na huishi muda mrefu, ndiyo maana mazingira ya tumboni huziachia alama. Lakini panya hubeba mimba kwa takriban wiki 3 tu, na mlo wao wa majaribio umetengenezwa makusudi uwe mzito. Kumhukumu mwanadamu kwa matokeo hayo pekee ni kumwonea.

Kuhusu mjukuu, mtoto wa kike huumbiwa mayai yake akiwa bado tumboni, kwa hiyo mlo wa mjamzito mmoja huvigusa vizazi 3 kwa wakati mmoja: yeye, bintiye na mayai ya bintiye. Huko ni kuguswa moja kwa moja, wala si kurithishana. Anayetaka kuthibitisha urithi halisi kwa upande wa mama hana budi kuuona kwenye kizazi cha nne. Alama za epijenetiki, yaani alama za kikemikali zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze, hazibadilishi jeni zenyewe, na nyingine hufutika.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba sehemu ya kutia moyo haisimuliwi. Panya waliokula mafuta mengi wakati wa mimba, kisha wakabadilishiwa mlo walipoanza kunyonyesha, watoto wao walipungukiwa na mcharuko wa ubongo na tabia zao zikawa nafuu. Kwa binadamu, watoto waliozaliwa baada ya mama kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito walionekana kuwa na unene uliokithiri kwa nadra kuliko ndugu zao waliotangulia, ingawa mama ni yule yule. Wiki ya 24, basi, si kuchelewa.

Wengine huniambia mjamzito hula kwa ajili ya watu wawili. Hapana: miezi 3 ya kwanza hahitaji nyongeza, ya kati huhitaji takriban kilokalori 340 kwa siku, na ya mwisho takriban 450. Wapo wanaodhani mcharuko huu ni uvimbe utakaoonekana kwenye picha ya kichwa. La, ni wa chini chini na hauna maumivu. Wapo pia wanaoamua kujinyima, nao ninawakataza kwa ukali, kwa kuwa njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945 iliwaachia madhara ya kudumu hata waliokuwa bado tumboni, na ubongo wa mtoto haujengeki bila mafuta ya omega-3. Na anayemlaumu mama peke yake ajue kwamba, kwa wanyama, mlo wa baba nao huacha alama kwenye mbegu zake.

Yule mama nilimwomba aanze na jambo moja ambalo huwaanzishia wote: kuacha kabisa vinywaji vyenye sukari. Kwa unene alioanza nao, ongezeko linalopendekezwa ni kilo 5 hadi 9 kwa ujauzito mzima, na alikuwa ameongezeka 6. Tumekubaliana arudi baada ya wiki 2, tupime tena.