Kwa nini nesi aliyekesha huamka saa saba mchana?

Nesi wa Jinja, Uganda, ametoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, akanywa chai, akalala saa tatu. Saa saba macho yamemtoka, na usingizi haurudi. Watu wana jibu tayari: bodaboda, watoto, redio ya kinyozi. Wahudumu wa afya wenyewe husema hivyo hivyo. Lakini watu waliolazwa katika vyumba vya utafiti visivyopenya sauti wala mwanga, usingizi wao wa mchana ulikatika mapema vilevile. Kinyozi ana makosa yake, ila si hilo.

Chukulia usingizi kama jerikeni ya lita 20 uliyojitwika kichwani. Kila saa unayokaa macho, adenosini, kemikali inayoleta usingizi, huongezeka ubongoni, na jerikeni inajaa. Kulala ndiko kuimwaga. Pembeni yako yupo msaidizi anayekuinulia mzigo: saa ya mwili, kundi la seli kama 20,000 ndani ya ubongo. Huyu hajali umejaza kiasi gani, ana ratiba yake. Mchana huinua, usiku huachia, na kabla ya alfajiri, joto la mwili likiwa chini kabisa, hagusi kitu. Ndipo nesi anaposoma kipimo cha dawa mara tatu bila kukielewa. Saa tatu asubuhi jerikeni imefurika, anaanguka kitandani hata kama msaidizi keshaanza kazi. Saa nne baadaye imebaki nusu, na msaidizi ndiyo kwanza amepata nguvu. Mzigo unapaa wenyewe, naye anaamka.

Ratiba ya msaidizi hupangwa na nuru, na hapa ikweta haisaidii. Kampala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi asubuhi mwaka mzima. Hakuna msimu wa kurudi nyumbani gizani. Miwani myeusi njiani husaidia kiasi, ingawa ushahidi wake ni wa tafiti ndogo. Anayeendesha pikipiki mwenyewe asiivae: giza na usingizi barabarani havipatani.

Kahawa ikome saa nane usiku. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano, hivyo kikombe cha saa kumi na moja alfajiri bado kina nusu yake saa nne asubuhi. Kulala kidogo wodini kuwe dakika 20. Ukifika saa nzima utaamka na kichwa kizito, na kichwa hicho hakifai kupima dozi. Kabla ya zamu, lala tena kwa dakika 90 jioni ile.

Deni la usingizi huonekana kwanza kwenye hasira. Katika maabara, vijana waliokesha ubongo wao ulishtushwa zaidi na picha mbaya kuliko wa waliolala. Hao hawakuwa manesi, lakini ule ukali unaolalamikiwa wodini huenda si tabia tu. Usingizi ukigoma hata siku za mapumziko, kwa wiki mbili, pamoja na huzuni, jerikeni haihusiki tena: hospitali za rufaa za mikoa nchini Uganda zina vitengo vya afya ya akili.