Mke wa mgombea mezani kwa wakili

Uchaguzi unapokaribia, barabara za Lubumbashi hujaa mabango ambayo mgombea amesimama kando ya mkewe, wote wamevaa kitenge cha aina moja. Mimi ni wakili wa mambo ya familia, na picha hizo huzitazama kwa makini kuliko wapiga kura wengi.

Mke wa mwanasiasa anayejua kwamba mumewe ana hawara, ambaye hapa kwetu huitwa “deuxième bureau” (ofisi ya pili), tena mwenye nyumba na watoto, mara chache huja kwangu akidai talaka. Huuliza kwanza habari za mali. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inatambua taratibu tatu za kumiliki mali katika ndoa, na wanandoa wasiochagua wowote huhesabiwa kuwa na ushirika wa mali walizochuma ndani ya ndoa. Kwa hiyo nyumba iliyonunuliwa mume alipokuwa mbunge inamhusu mke pia, hata kama jina lake halimo kwenye hati.

Kisha huuliza kuhusu uzinzi, na hapo historia ya sheria yetu inafundisha mengi. Mwaka 1987 mke aliyezini aliadhibiwa kwa tendo lenyewe, lakini mume aliadhibiwa endapo tu uzinzi wake ulifikia kuwa tusi kubwa kwa mke, maana yake aliyejificha vizuri alisalimika. (Aliyetia saini sheria hiyo ni Mobutu, rais wa wakati huo, ambaye nchi nzima ilijua kwamba aliishi na mkewe Bobi Ladawa na pia na pacha wa mke huyo.) Marekebisho ya 2016 yaliondoa ubaguzi huo, ila mashtaka bado hayaanzi bila malalamiko ya mwenzi aliyekosewa. Mke ndiye anayeamua kama bango litabaki ukutani, na mume analijua hilo.

Eleanor Roosevelt aligundua mwaka 1918 barua za mapenzi ambazo Lucy Mercer, aliyekuwa katibu wake mwenyewe, alimwandikia mumewe Franklin. Hawakuachana, Franklin akachaguliwa rais wa Marekani mara nne, na Eleanor akajijengea sauti yake mwenyewe katika siasa. Sioni unyonge katika ukimya wa namna hiyo, ingawa gharama yake huonekana usoni mwa wanaokaa mbele ya meza yangu.

Mmoja wao aliniachia nakala ya cheti chake cha ndoa niitunze kabatini, akaomba nisimpigie simu mpaka kura zihesabiwe.