Je, wajua kwa nini mkunga humwambia mama aache kusukuma kichwa cha mtoto kinapochomoza?

Mama aliyekuwa akihimizwa kwa muda mrefu, "sukuma, mama, sukuma," hushangaa pale mkunga anapobadilisha kauli ghafla na kumwambia, "Sasa acha, usisukume tena, hema tu." Nywele za mtoto zimekwisha kuonekana, hamu ya kusukuma imefika kileleni, na mwili wote unamtaka amalize. Amri hiyo ya kutulia wakati huo inahusu sehemu moja ndogo ya mwili ambayo hutajwa kwa nadra sana kliniki, na ambayo wanawake wengi huanza kuifahamu siku wanaposhonwa nyuzi: msamba.

Msamba ni eneo lililo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Kwa nje ni ngozi tu, lakini chini yake pana misuli inayobeba viungo vya nyonga, na nyuma yake upo msuli wa mviringo unaobana haja kubwa na hewa. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina upana wa sentimita 9.5 hivi. Kidevu kikiwa kimeinamia kifuani, kisogo ndicho kinachotangulia, na kipimo kinachopita ni hicho hicho cha sentimita 9.5. Kichwa kisipoinama vizuri, au mtoto akiwa ameelekeza uso juu, kipimo huweza kufika sentimita 11.5. Ili kichwa kipite, baadhi ya nyuzinyuzi za misuli ya sakafu ya nyonga hulazimika kunyooka hadi kama mara tatu ya urefu wake wa kawaida.

Misuli na ngozi vinaweza kufanya kazi hiyo, ila vinahitaji muda. Anayesukuma chapati analijua jambo hili kwa mikono yake: donge likivutwa kwa pupa hukatika, lakini likivutwa polepole na kuachwa lipumzike, hutanuka hadi likawa jembamba bila kupasuka. Msamba nao hulegea kidogo kidogo kichwa kinapoubonyeza, kikarudi ndani uchungu unapotulia, kisha kikashuka tena uchungu unaofuata. Kule kuchungulia na kurudi, ambako humvunja mama moyo akidhani hakuna kinachoendelea, kwa hakika ndiko kunakoandaa njia. Hatari iko katika msukumo mmoja mkubwa wa mwisho, unaokitoa kichwa kwa kishindo kabla ngozi haijamaliza kutanuka.

Kuchanika si kwa aina moja. Katika daraja la kwanza huchanika ngozi au utando wa uke peke yake, na mara nyingi mchaniko huo hupona vizuri. Daraja la pili hufika kwenye misuli ya msamba, na kwa kawaida huhitaji kushonwa. Daraja la tatu hugusa msuli unaobana njia ya haja kubwa, na la nne hupita hadi utando wa ndani wa njia hiyo. Nchini Uingereza, ambako takwimu hizi hutunzwa kwa makini, wanawake hadi 9 katika kila 10 wanaojifungua kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza hupata mchubuko, mchaniko au kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba kwa mkasi. Wanaofikia daraja la tatu au la nne ni takriban asilimia 6 ya wanaozaa mara ya kwanza, na asilimia 1.7 ya waliokwisha kuzaa. Kwa hiyo si kila mchaniko unaweza kuzuiwa, na mama aliyechanika hana kosa lolote. Kinachotafutwa ni kupunguza ile michaniko mikubwa, ambayo huweza kumwacha mwanamke akishindwa kuzuia hewa au choo na akijificha kwa aibu.

Wakati kichwa kinapochomoza, mkunga huweka mkono mmoja juu ya kichwa cha mtoto na kukizuia kwa wepesi kisitoke kwa kasi. Kwa mkono wa pili hushikilia msamba, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, akiusogeza kidogo kuelekea katikati ili mkazo usiangukie sehemu moja. Humtazama mama usoni na kumwambia aheme kwa pumzi fupi fupi, mdomo ukiwa wazi, kwa sababu ni vigumu kuhema hivyo na kusukuma kwa wakati mmoja. Katika hospitali ya Fredrikstad nchini Norway, wakunga na madaktari walifundishwa upya kutumia mikono yao kwa namna hii, na michaniko mikubwa ikapungua kutoka asilimia 4 hivi katika miaka ya 2002 hadi 2004 hadi asilimia 1.2 hivi katika miaka ya 2005 hadi 2007. Majaribio mengine yaliyolinganisha kushika na kutoshika hayakuonyesha tofauti iliyo wazi, kwa hiyo wataalamu bado wanajadiliana kuhusu mkono. Kuhusu kichwa kutoka polepole, hakuna mjadala mkubwa.

Jambo la pili linahusu maji ya moto, na hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna la kutafakari. Tumezoea kumkanda mzazi akishajifungua. Ushahidi wenye nguvu zaidi, hata hivyo, unahusu joto linalotumika kabla mtoto hajatoka. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Sydney, Australia, kwa wanawake 717 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza. Waliowekewa vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu kwenye msamba wakati wa kusukuma walipata michaniko ya daraja la tatu na la nne kwa uchache zaidi, na walisikia maumivu madogo kuliko wenzao, ingawa idadi ya walioshonwa kwa jumla haikubadilika. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2017 yalithibitisha faida hiyo. Kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, maji yakibadilishwa yanapopoa, ni kitu ambacho hata zahanati ndogo inaweza kukimudu. Sharti ni kwamba maji yasichome: msamba uliotanuka hauhisi joto ipasavyo, hivyo mkunga huyapima kwanza kwenye mkono wake mwenyewe.

Maandalizi huweza kuanza nyumbani. Kuanzia wiki ya 34 au ya 35, mjamzito ambaye hajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida anaweza kukanda msamba wake mara moja au mbili kwa wiki, yeye mwenyewe au mumewe, akiwa amenawa mikono na kukata kucha. Hupaka mafuta safi yasiyo na manukato, kama ya alizeti, huingiza vidole gumba ukeni kiasi cha sentimita 3 au 4, hubonyeza kuelekea nyuma hadi ahisi ngozi ikivutika, kisha husogeza pembeni taratibu kwa dakika 5 hivi. Tafiti nne zilizohusisha wanawake wapatao 2,500 zilionyesha kuwa jambo hili hupunguza uwezekano wa kushonwa, hasa kwa kuwa hupunguza haja ya kuongezewa njia. Asifanye hivyo mwenye maambukizi ukeni, anayetokwa damu, ambaye chupa imepasuka, au aliyeambiwa kuwa kondo la nyuma limetangulia.

Kuongezewa njia kwa mkasi ni suala linalostahili kuelezwa kwa uwazi, kwa sababu bado wapo wanaoamini kwamba kila anayezaa mara ya kwanza lazima akatwe. Mwaka 1920 daktari Joseph DeLee wa Chicago alipendekeza mkato huo ufanywe kama kinga, na mazoea hayo yakaenea duniani. Mwaka 1993 jaribio lililofanyika Argentina kwa wanawake 2,606 lililinganisha kukata kwa mazoea na kukata pale tu panapohitajika, na kukata kwa mazoea hakukupunguza michaniko mikubwa hata kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, halipendekezi mkato wa mazoea. Panapokuwa na sababu, kwa mfano mapigo ya moyo ya mtoto yanaposhuka au vyombo vinapohitajika kumtoa, mkato huelekezwa pembeni, mbali na njia ya haja kubwa, baada ya ganzi na baada ya mama kuelezwa na kukubali.

Mapendekezo hayo hayo yanamruhusu mama kuchagua mkao. Kulala ubavu, au kupiga magoti huku mikono ikishika kitanda, humpa nafasi ya kudhibiti msukumo kuliko kulala chali miguu ikiwa imeinuliwa. Shirika hilo pia halipendekezi kumkandamiza mama juu ya tumbo ili mtoto atoke. Wengi wetu tumesikia simulizi za mtu kumwegemea mzazi kwa kiwiko. Tendo hilo humnyima mama uwezo wote wa kupunguza kasi, na ningependa kila ndugu anayemsindikiza mjamzito alifahamu.

Wapo wanaoingia leba wakiwa na hatari ya ziada. Kovu la ukeketaji halitanuki kama ngozi ya kawaida. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2006 na kuhusisha wanawake zaidi ya 28,000, ulionyesha kuwa waliokeketwa hupata matatizo mengi zaidi wakati wa kujifungua. Aliyeshonwa kwa ukeketaji anapaswa kuonwa mapema katika ujauzito ili njia ifunguliwe kwa utaratibu, badala ya kungoja kichwa cha mtoto kifanye kazi hiyo.

Baada ya kondo kutoka, msamba hukaguliwa kwa mwanga wa kutosha, pamoja na kupimwa kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, kwa kuwa mchaniko wa daraja la tatu unaweza kujificha chini ya ngozi inayoonekana kuwa na jeraha dogo. Mchaniko kama huo ukishonwa vizuri na mtaalamu, wanawake 6 hadi 8 kati ya 10 huwa hawana dalili yoyote baada ya mwaka mmoja. Nyumbani, jeraha husafishwa kwa maji safi na kukaushwa taratibu. Kukalia maji ya moto sana huunguza na kuchelewesha kupona. Usaha, harufu mbaya, homa, nyuzi kuachia, au choo na hewa kutoka bila kujua ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Na aliyewahi kupata daraja la tatu au la nne alitaje jambo hilo katika hudhurio la kwanza la ujauzito unaofuata, ili njia ya kujifungua ijadiliwe mapema na liandikwe kwenye kadi yake.