Michezo 27 ya Scott Frost: Kwa Nini Nilibadili Msimamo

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2022, zikiwa zimesalia sekunde 36 mchezo kumalizika, kwotabeki wa Georgia Southern, yaani kiongozi wa mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani, aliukumbatia mpira, akakimbia yadi 8 na kuvuka mstari wa mwisho, na uwanja wa Memorial mjini Lincoln, Nebraska, ukatulia kama maji ya mtungi. Mzee aliyeketi kando yangu, ambaye familia yake imeshikilia viti vile tangu enzi za baba yake, alizima redio yake ndogo, akaizungushia waya wa visikizio mara tatu, akaitia mfukoni na kusema neno moja tu: "Basi." Timu yetu, ya Chuo Kikuu cha Nebraska, ilipoteza kwa pointi 42 dhidi ya 45. Kabla ya siku hiyo timu ilikuwa imefunga pointi 35 au zaidi nyumbani katika michezo 214, na ilikuwa imeshinda yote. Kesho yake kocha Scott Frost aliachishwa kazi.

Kazi yangu ni takwimu, na ushabiki wangu wa futiboli ya Kimarekani ulianza nilipohamia mji huu, ambako tiketi za kila mchezo wa nyumbani zimeuzwa zote tangu mwaka 1962. Msimu wa 2021 ulipokwisha niliwaambia wote waliotaka kunisikiliza kwamba Frost abaki, na niliwaonyesha hesabu. Nataka kueleza hesabu ile ilikuwa nini na iliniponyoka wapi, kwa kuwa shabiki yeyote anayepima kocha kwa namba anaweza kuteleza palepale nilipoteleza mimi.

Frost hakuwa kocha wa kukodiwa tu. Alikulia Wood River, mji mdogo wa Nebraska, akawa kwotabeki wa timu ya chuo na kuiongoza hadi ubingwa wa taifa wa 1997, ambao Nebraska iligawana na Michigan. Kama kocha aliichukua timu ya Chuo Kikuu cha Central Florida iliyokuwa imepoteza michezo yote 12 ya mwaka 2015, na katika msimu wa 2017 ikashinda yote 13. Aliporudi nyumbani Desemba 2017, watu wazima walilia kwa furaha, na siwalaumu. Kisha matokeo yakaja: ushindi 4 na kushindwa 8 mwaka 2018, 5 na 7 mwaka 2019, 3 na 5 katika msimu uliofupishwa na korona mwaka 2020, na 3 na 9 mwaka 2021.

Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu aseme abaki? Sababu ya kwanza ni historia ya Nebraska yenyewe, na bado naiona kuwa nzito. Tangu kocha Tom Osborne astaafu baada ya ubingwa ule wa 1997, chuo kimewafukuza makocha kwa mfululizo, na mara mbili kiliwafukuza makocha waliokuwa wakishinda. Frank Solich aliondolewa mwaka 2003 akiwa na ushindi 58 na kushindwa 19 kwa jumla, na katika msimu huohuo alikuwa ameshinda michezo 9. Mrithi wake, Bill Callahan, aliondoka akiwa na 27 kwa 22. Bo Pelini alishinda angalau michezo 9 katika kila msimu wake kamili, akafukuzwa mwaka 2014. Aliyemfuata, Mike Riley, akamaliza na 19 kwa 19. Ukiisoma orodha hiyo kwa utulivu unaona kwamba kila kocha mshindi aliyefukuzwa alifuatwa na kocha dhaifu zaidi, na kwamba kumtoa mtu ni rahisi kuliko kumpata aliye bora kuliko yeye.

Sababu ya pili ndiyo iliyonikamata, nayo inahitaji maelezo kidogo kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu. Tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mpinzani, huleta pointi 6, na baada yake timu hupata nafasi ya kuongeza pointi 1 au 2, kwa hiyo tofauti ya pointi 8 au pungufu inaweza kufutwa kwa shambulio moja. Michezo inayokwisha kwa tofauti hiyo huitwa michezo ya shambulio moja, na sisi watu wa takwimu tumezoea kuitazama kwa tahadhari, kwa sababu mpira uliomponyoka mtu mmoja au uamuzi mmoja wa mwamuzi unaweza kuugeuza. Mwaka 2021 Nebraska ilishindwa mara 9, na 8 kati ya hizo zilikuwa za shambulio moja: Illinois kwa 8, Oklahoma kwa 7, Michigan State kwa 3, Michigan kwa 3, Minnesota kwa 7, Purdue kwa 5, Wisconsin kwa 7, Iowa kwa 7. Ohio State pekee ilizidi kiwango hicho, tena kwa pointi 9 tu. Kwa msimu mzima Nebraska ilifunga pointi 335 na kufungwa 272. Timu iliyoshinda michezo 3 kati ya 12 ilikuwa na pointi 63 za ziada!

Nilipoziona namba hizo nilisema yale ambayo kitabu chochote cha takwimu kingesema: timu hii ni bora kuliko matokeo yake, bahati mbaya haidumu, na mwakani mambo yatarudi kuelekea wastani. Ukimfukuza kocha sasa, utamfukuza mtu kwa sababu ya sarafu iliyoanguka upande mbaya, na mrithi wake atavuna sifa ya bahati iliyojirekebisha yenyewe.

Daftari langu lilikuwa na safu mbili za vistari, ushindi kushoto na kushindwa kulia, kwa michezo yote ya shambulio moja tangu Frost aanze. Mwisho wa 2021 kushoto kulikuwa na vistari 5 na kulia 20. Ukirusha sarafu ya haki mara 25, uwezekano wa kupata kichwa mara 5 au pungufu ni takriban 2 katika 1,000. Hapo shabiki wa kawaida angesema kwamba hii si bahati tena, na mtu wa takwimu angemzuia kidogo, kama nilivyojizuia mimi, kwa kumkumbusha kwamba daraja la juu la futiboli ya vyuo mwaka huo lilikuwa na timu 130. Kama kila moja ingecheza michezo 25 ya aina hiyo kwa kurusha sarafu, kungekuwa na karibu nafasi 1 kati ya 4 kwamba angalau timu moja itapatwa na mkosi kama wetu. Sisi tulikuwa tukiitazama timu yetu kwa sababu ndiyo iliyopatwa. Jambo la ajabu lazima limpate mtu fulani mahali fulani.

Hoja hiyo ni sahihi, na bado naifundisha. Nilichokosea ni kuishia hapo. Namba inaweza kukuambia kwamba jambo lichunguzwe, lakini haikuambii kilichotokea uwanjani. Ili kulijua hilo ni lazima urudi kwenye michezo yenyewe, mmoja baada ya mwingine, uulize kila mmoja ulipotelea wapi. Mimi nilifanya hivyo majira ya baridi, nikiwa nimechelewa, na nilichokiona kilinisumbua.

Dhidi ya Illinois, pointi za kwanza kabisa za msimu zilikuwa 2 ambazo Nebraska ilimpa mpinzani, baada ya mchezaji wetu kuudaka mpira uliopigwa mbali karibu na mstari wetu wenyewe wa mwisho na kurudi nao hadi nyuma ya mstari huo. Dhidi ya Oklahoma, mpigo wetu wa pointi 1 ya ziada ulizuiwa na mpinzani akakimbia nao hadi upande wa pili, akapata pointi 2. Dhidi ya Michigan State tuliongoza 20 kwa 13 zikiwa zimebaki dakika chini ya 4. Mpigaji wetu akaupeleka mpira upande mmoja huku wenzake wakikimbilia upande mwingine, Jayden Reed wa Michigan State akaudaka na kukimbia yadi 62 hadi tachidauni, na tukapoteza katika muda wa nyongeza. Dhidi ya Iowa tuliongoza 21 kwa 6, kisha mpigo wetu ukazuiwa na kugeuzwa tachidauni, tukapoteza 28 kwa 21.

Ni michezo 4 kati ya 8, na yote ina jeraha la mahali pamoja: zile dakika ambazo mpira hupigwa kwa mguu na wachezaji wa timu maalumu huingia uwanjani. Sarafu haichagui mahali pa kuangukia. Bahati mbaya ingetawanyika, leo kwa mwamuzi, kesho kwa upepo, keshokutwa kwa mpira ulioteleza kwa ajili ya mvua. Makosa yanayorudi mahali pamoja mwaka hadi mwaka ni makosa ya maandalizi, na maandalizi ni kazi ya kocha. Ndipo nilipoelewa kwamba kanuni yangu ya kurudi kuelekea wastani huhusu sehemu ya bahati peke yake. Udhaifu wa mafunzo haurudi popote hadi mtu aurekebishe.

Mkurugenzi wa michezo Trev Alberts, naye aliyewahi kuichezea Nebraska, alikwisha kuamua tarehe 8 Novemba 2021, michezo 2 ikiwa bado, kwamba Frost angebaki kwa mkataba mpya: mshahara ushuke kutoka dola milioni 5 hadi milioni 4, na fidia ya kuuvunja mkataba ishuke kutoka milioni 15 hadi milioni 7.5 ifikapo tarehe 1 Oktoba 2022. Siku hiyohiyo makocha wasaidizi 4 wa upande wa mashambulizi waliondolewa. Baadaye Frost alimleta Mark Whipple na kumwachia kazi ya kuchagua mashambulizi, na akamleta Bill Busch kusimamia timu maalumu. Nakiri kwamba nilifarijika. Kocha anayekubali kuachia kile anachokipenda zaidi anastahili kusikilizwa, na mpango ule ulikuwa wa kiungwana kuliko kelele zilizokuwa zikipigwa mjini.

Kisha ikaja Dublin, Ireland. Tarehe 27 Agosti 2022, dhidi ya Northwestern, Nebraska iliongoza 28 kwa 17 katika robo ya tatu na mpinzani alikuwa ameanza kulegea. Wakati wa kuanzisha mpira upya, badala ya kuupiga mbali, Nebraska ilipiga mpigo mfupi wa kushtukiza ili iuokote tena yenyewe. Northwestern waliuokota, wakafunga, na hatimaye wakashinda 31 kwa 28. Frost alisema uamuzi ule ulikuwa wake. Northwestern hawakushinda mchezo mwingine wowote msimu ule. Walimaliza na 1 kwa 11.

Nilitazama mchezo ule nyumbani, na sikukasirika wakati wa mpigo wenyewe, kwa kuwa mipigo ya namna hiyo ina hesabu yake na wakati mwingine hulipa. Kilichonivunja moyo ni mahali ulipotokea. Baada ya kumwajiri mtu maalumu kwa ajili ya eneo lile, baada ya kupunguziwa mshahara, baada ya mwaka mzima wa kuambiwa kidonda kiko wapi, kocha mwenyewe alikitonesha bila kusukumwa na mtu. Niliongeza kistari kulia, cha 21. Baada ya Georgia Southern, waliokusanya yadi 642 katika uwanja wetu, nikaongeza cha 22. Tano kwa 22: kwa sarafu ya haki, hiyo ni chini ya nafasi 1 katika 1,000. Safari hii sikuihitaji hesabu.

Kuna waliouliza kwa nini chuo hakikungoja siku 20 tu ili kiokoe dola milioni 7.5, na ni swali la haki, kwa sababu fedha hizo si chache popote duniani. Jibu langu ni kwamba wiki 3 ni karibu robo ya msimu wa michezo 12. Ligi Kuu ya Tanzania Bara yenye timu 16 humpa kocha michezo 30 ya kujirekebisha, lakini hapa kila Jumamosi ni mali, na wako vijana wa mwaka wa mwisho ambao hawatapata msimu mwingine. Kuwaweka chini ya kocha ambaye kila mtu anajua anasubiri tarehe ni kuwatumia wao kulipia akiba ya ofisi.

Sitaki kuficha upande wa pili. Matt Rhule aliajiriwa Novemba 2022, na msimu wake wa kwanza ulikwisha kwa 5 kwa 7, akipoteza michezo 4 ya mwisho mfululizo kwa pointi 3, 3, 7 na 3, wakati ushindi mmoja tu ungetosha kuipeleka timu katika mchezo wa baada ya msimu. Marafiki zangu waliomtetea Frost walinipigia simu, na niliwaelewa. Hata hivyo niliirudia kazi ileile ya kuchambua mchezo mmoja mmoja, na nilichokiona safari hii kilikuwa tofauti: kwotabeki vijana waliopoteza mipira, jambo ambalo kwa kawaida hupungua kadiri wachezaji wanavyokomaa. Nilisema Rhule apewe muda, na nililisema kwa sababu ya aina ya makosa, si idadi yake.

Tarehe 28 Desemba 2024, katika uwanja wa Yankee mjini New York, Nebraska ilicheza mchezo wake wa kwanza wa baada ya msimu tangu 2016, dhidi ya Boston College. Iliongoza 20 kwa 2, kisha mpinzani akaanza kurudi, 20 kwa 9, 20 kwa 15, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nikiwa na daftari mkononi. Mchezo ukaisha hivyo. Nilichora kistari kushoto, nikaandika tarehe kando yake.